Redio Isiyo na Spika

Juzi mjukuu wangu, yule kichwa cha darasa, kanivalisha vidude vyake vya masikioni, nikakumbuka Baba mdogo aliporudi kutoka Tunduma na redio kaseti ya mtindo mpya. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, ikinuka plastiki.

“Spika wameila?” Bibi alifoka. “Ile kubwa ilisikika mpaka kwa jirani!”

Baba mdogo akanivika vidude vyake vya masikioni, akaweka kaseti ya marehemu mama akiimba kwaya. Kwenye redio kubwa mama alikuwa mbali, ndani ya boksi. Sasa aliimba kichwani mwangu. Nikajua amerudi. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kumsalimia, kama tunavyofanya Wafipa, nikangoja aitikie.

Akaendelea kuimba.

“Mpya nzuri?” Baba mdogo aliuliza.

“Nzuri,” nikasema, nikarudi kupeta ulezi.