Chupa ya Baba Mkubwa

Muhula uliopita kwenye maabara mwalimu wa kemia alipitisha kichupa kidogo tukinuse kwa zamu, tukipepea harufu kwa kiganja kama alivyotuelekeza. Iliponifikia ilinikata puani mpaka machozi yakatoka. Wenzangu walicheka, ila mimi nilikuwa nimeshafika Butiama, nina miaka kumi na miwili, nimeshika chupa tupu nyuma ya jiko la bibi. Mwalimu akasema pombe yoyote ikipigwa na hewa siku nyingi mwisho wake ni hiyo siki. Neno hilo nililipigia mstari mara mbili daftarini.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nyumbani wananitania kwamba maneno yangu yananunuliwa. Wewe unayesoma hunitazami usoni, kwa hiyo nakwambia yote.

Nilipokuwa darasa la pili nilikuwa nakaa Musoma, Iringo, kwa baba mkubwa. Chumba cha uani alipanga Mwitaliano mmoja, Donato, fundi wa pampu za maji aliyekuwaga akishinda Kiriba na kurudi na matope mpaka kwenye kope. Alitoka mkoa unaitwa Molise, na alisema hata Waitaliano wenzake humtania kwamba mkoa huo haupo. Baba mkubwa hilo hakulipenda. Kwa wageni alikuwa anasema mpangaji wake ni wa Roma.

Donato alipokaribia kuondoka alileta chupa mbili za waini nyekundu, zabibu za shamba la baba yake, hazina hata karatasi ya jina. Moja tuliionja barazani. Bibi alikuwa amekuja kutibiwa macho, naye akapewa. Mimi nililamba kidogo tu. Ulimi ulikauka kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Baba mkubwa alifumba macho akasema ni tamu sana, tamu ajabu. Bibi, ambaye amepika pombe ya ulezi tangu hajaolewa, aliizungusha mdomoni, akameza, akasema hii bado mbichi, mngeiacha. Donato alimshika mkono kwa mikono miwili. Alisema hata baba yake angesema hivyo hivyo.

Chupa ya pili akaiacha ikomae. Siku anafunga mizigo aliniita, maana mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kuoga, akanionyesha kwa Kiswahili chake.

"Chupa kulala. Giza. Kizibo kunywa kidogo kidogo. Kizibo kavu, hewa ingia, waini kufa. Wewe ambia mzee."

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikumwambia mzee.

Na mzee mwenyewe alifanya nini? Aliisimamisha kwenye kabati la vioo, chini ya bati, mkabala na dirisha linalopigwa na jua la mchana kutwa. Kwa kuwa haikuwa na lebo alienda stesheneri wakamchapia moja, yenye kishada cha zabibu na maandishi ya dhahabu, ROMA. Kila mgeni alipewa ile chupa, akaishika, akaitikisa. "Inakomaa," baba mkubwa alisema, kama vile yeye ndiye anayeikomaza. Kazi yangu ilikuwa kuipangusa vumbi kila Jumamosi. Jumamosi moja nilijipa moyo nikailaza. Aliporudi aliuliza nani amelaza chupa yake kama mlevi wa kwenye mtaro. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Akaisimamisha, na mimi sikuigusa tena isipokuwa kwa kitambaa.

Miaka minne ikapita hivyo, chupa ikichemka kila mchana.

Sasa shangazi Nyangeta, mdogo wa mwisho wa baba mkubwa, alikuwa ameshapoteza wachumba wawili kwa ajili ya mdomo wa kaka yake. Wa kwanza aliulizwa mbele za watu kwao wana choo cha ndani au cha nje. Wa pili alihesabiwa makosa ya Kiingereza. Wa tatu alikuwa mwalimu wa Bunda, mtu mpole, na wazee wake walikuwa wanakuja Butiama kwa bibi kumaliza mazungumzo. Shangazi alinisuka nywele asubuhi ile. Alisema safari hii ikiharibika hatajaribu tena.

Bibi alikuwa na chungu cha pombe ya ulezi iliyofika siku yake. Baba mkubwa alifika na chupa mapajani imefungwa taulo kama mtoto mchanga, akaamuru chungu kikafichwe nyuma ya jiko, kifunikwe gunia. Wageni wa leo si watu wa kunywa uji wenye hasira, ndivyo alivyosema, mama yake anamsikia. Bibi alikivuta chungu mwenyewe.

Wageni wakakaa. Baba mkubwa aliwahutubia juu ya Roma. Kizibo kilimpukutikia chupani kama mkate wa juzi, akachuja kwa chujio la chai. Rangi ilikuwa ya kahawia, kama maji yaliyolowekwa msumari. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza, wageni waone, ndipo wapewe. Basi akainua glasi, wote tunamtazama, akanywa.

Uso haukubadilika. Masikio tu yalisogea nyuma, kama ya mbwa.

Mzee wa Bunda akasogeza glasi yake. Baba mkubwa akajimiminia tena mwenyewe. Akanywa. Akajimiminia ya tatu. Shangazi aliinamisha kichwa, na mimi nikaona ndoa inaondoka mlangoni kwa miguu yake.

"Hii nimeisubiri miaka minne," baba mkubwa alisema, sauti imekwaruza. "Mtanisamehe, siwezi kuigawa."

Kisha yule mzee akacheka mpaka fimbo ikamdondoka.

"Nimeona wachoyo, lakini huyu ana cheti," alisema. "Binti tunamchukua. Huyu kaka yake bakini naye."

Bibi alinikonyeza. Nilitoa gunia, chungu kikaingia ndani, na mazungumzo yakaisha kabla ya ugali. Mzee aliomba aongezewe mara mbili. Baba mkubwa alikuwa nje, ameegemea ukuta, anatema mate.

Baadaye niliosha ile chupa. Harufu ilinikata puani, nikadhani ndivyo waini za wakubwa zinavyonuka. Nikabaki nikimdharau kwa uroho.

Baada ya siku ile ya maabara nilimuuliza bibi kama ile waini ilikuwa imegeuka siki. Alisema harufu aliipata toka jikoni. Nikamwambia basi baba mkubwa aliwaokoa wageni, alikunywa ubaya wote peke yake. Karibu nimhurumie. Bibi alinitazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Aliona bora aitwe mlafi kuliko aitwe mjinga," alisema. "Namjua, nimemzaa."

Likizo iliyopita nilikuwa Iringo. Chupa ipo kabatini, wima, lebo imepauka. Ameijaza maji ya rozela na kuifunga kizibo kipya. Alikuja mgeni, mtu wa ofisini, akauliza ile ni nini. Baba mkubwa akaishika, akaitikisa kidogo, akasema ya Roma hiyo, inakomaa. Halafu akanitazama. Alijua kwamba najua, na alijua mimi ni nani.

Nilikuwa nayo yote mdomoni. Molise, kizibo, jua, siki. Kwa miaka yote hii nimemcheka mtu aliyeona afadhali anywe sumu kuliko kukiri, na mimi neno moja la Donato nimelikalia tangu darasa la pili.

Mgeni alinigeukia, akauliza eti binti, ni kweli?

Nilichukua kitambaa, nikapangusa chupa vumbi.