Nyota Zilizovutika Kapsokwony

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, kikombe cha chai ya moto mkononi.

Mimi hupiga picha za anga. Nina darubini ndogo, kamera iliyofungwa nyuma yake, na mota inayoizungusha polepole kuzifuata nyota. Kwangu Tuwan, mjini Kitale, taa za mtaa huniharibia kazi, kwa hivyo nilipanda Kapsokwony kwa Shangazi Naliaka, anayeishi peke yake kwenye mteremko wa mlima. Nikasimamisha stendi nyuma ya jiko lake.

Picha zikatoka vibaya. Kila nyota ilikuwa imevutika kama punje ya mchele, zote upande mmoja. Niamini, nilikagua kila kitu. Nilikaza skrubu, nikasawazisha uzito, nikaielekeza mota upya, nikafupisha muda wa kila picha. Upepo haukuwepo. Na juzi tu, Tuwan, mashine hiyo hiyo ilinipa nyota za mviringo safi. Sasa kosa lilikuwa wapi?

"Mashine yako iko sawa, bana," mtu akasema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, ametapakaa tope hadi kifuani, na alivaa gambuti moja tu, buti la mpira, mguu wa kulia. Hakuniangalia mimi, aliangalia kioo cha kamera.

"Ni chini ndio inatembea. Amsha huyo mama mtoke. Si kesho. Saa hii."

Niligeuka kuweka kikombe, kurudi hayupo. Hata unyayo hakuacha.

Nilichomoa kamera nikakimbia ndani. Nilidhani Shangazi atanigombeza, lakini nilipotaja gambuti moja alijishika mdomo.

"Huyo ni Wafula, alikuwa jirani yangu. Udongo ulimfunika hapo juu, mwaka ule wa mvua nyingi. Tulimzika na buti moja, ile ingine haikuonekana."

Hakubishana. Alichukua blanketi na Biblia, tukaenda kulala kanisani, ng'ambo ya barabara.

Kabla hakujapambazuka tulisikia mngurumo. Jiko, chumba alichokuwa amelala Shangazi, hata darubini yangu, vyote vilishuka bondeni na udongo. Asubuhi, kwenye udongo uliopasuka nyuma ya pale palipokuwa na jiko, nilikuta gambuti kuukuu la kushoto. Nilimpelekea mjane wa Wafula. Alilipindua mara mbili, akalikumbatia, akalia, nami nikalia naye.

Sasa Shangazi anaishi kwangu Tuwan. Kila asubuhi analalamika kwamba chai yangu ni maji matupu, na kila nikimsikia namshukuru Mungu, kisha namshukuru Wafula. Ile picha mbaya nimeitundika sebuleni.

Nawe unayepiga picha za nyota milimani, nyota zako zikivutika na umekagua kila skrubu, usiifute picha haraka. Angalia kwanza umekanyaga wapi. Na mgeni mwenye buti moja akikwambia utoke, usimuulize jina. Mwambie asante, utoke.