Hybrid yangu ilizimwa bila mtu kujua, hooyo akiwa ndani na sisi tuko kwenye hotuba ya Ijumaa

Salaam aleikum wakuu, na wenye salamu nyingine pia nawasalimu kwa heshima.

Naandika nikiwa nyumbani Waberi, hapa Garissa. Haya yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Mkiona mahali nimeonekana mjinga, jueni hapo nilikuwa mjinga kweli. Chumvi sitatia.

Nina SUV ya hybrid, ile ya kifahari, viti vya ngozi, kimya kama maktaba. Kampuni siitaji, msije mkasema natangaza biashara au naharibia watu jina. Tena gari lenyewe halikuwa na kosa, mtaona.

Kwanza niwajibu wale wanaouliza humu kila mara kama hybrid inaweza jua la huku kwetu.

Inaweza. Mafuta inakunywa kidogo mpaka majirani wananiona mwongo. Adui ni vumbi. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa ya kupooza ile betri kubwa, na usipolisafisha, taa za onyo zinawaka kwenye dashboard na wewe roho inaruka. Fundi wa kuisoma kompyuta yake hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi.

Halafu kuna ngamia. Gari likitembea kwa betri hawalisikii kabisa. Unamfikia mgongoni, yeye anatafuna tu, mchungaji ndiye anayeruka na kukutolea maneno ambayo siwezi kuyaandika humu.

Nilikuwa nayacheka mambo hayo. Sikujua huo ukimya utakuja kuniweka pabaya.

Sasa kisa.

Mama yangu, hooyo kama tunavyowaita mama zetu, anakaa Griftu. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na mpaka sasa anatembea kwa kushikwa. Ijumaa hiyo nilikuwa namleta Garissa akaonwe na daktari.

Tulikuwa watatu. Mimi kwenye usukani, hooyo nyuma peke yake amenyoosha mguu juu ya mito, na mbele kando yangu kaka yake, abti Dahir. Abti ndiye mjomba wa upande wa mama.

Abti ameendesha malori ya mifugo maisha yake yote. Mambo ya magari anayasema kwa Kiswahili cha barabarani hata akiwa na ndugu zake, maana ndiko alikojifunzia, na p yake ni b kama ya wengi wa kwetu. Na kwake gari lisilonguruma limekufa.

Kila nikisimama kwenye kizuizi cha polisi ananigeukia. "Imekufa hii?"

"Haijafa abti. Iko ready."

"Gari mzuri lazima ibige kelele, mtu ya mbele ajue unakuja."

Hooyo anacheka kule nyuma. Safari ilikuwa nzuri, wakuu.

Jambo moja mliweke akilini: milango ya nyuma nilikuwa nimeifunga kwa child lock. Watoto wa dada yangu waliwahi kufungua mlango gari likitembea, nikaapa hawatarudia. Nikaifunga, nikasahau.

Tukapita Modogashe. Mbele kidogo tukafika kituo cha barabarani, maduka machache na msikiti, adhana ndiyo inamalizika. Najua msafiri halazimiki Ijumaa. Lakini kumpitisha abti mbele ya msikiti siku ya Ijumaa huku anaona watu wanaingia, hilo mimi siliwezi.

Hooyo naye akasema, "Nendeni. Mimi nitaswali hapahapa nimekaa." Kumshusha na kumpandisha kulikuwa kumtesa bure.

Nikaegesha kwenye kivuli cha mgunga, karibu na ukuta wa msikiti. AC safi, hooyo ana maji, ana tasbihi yake. Gari nikaliacha ready, yaani limewaka. Hii ndiyo raha ya hybrid: linakaa kimya, baridi inaendelea, na kila baada ya muda mfupi injini inajiwasha yenyewe, inaichaji betri, inazima tena.

Imamu alikuwa ameshapanda mimbari. Nikashuka mbio kwenda kutia udhu, key mfukoni.

Yaliyofuata pale garini niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa msipotee.

Ukiondoka na key gari likiwa ready, linalia. Mimi nimeizoea hiyo sauti, hata sikugeuka. Abti alikuwa bado anajifunga shali yake. Piii, piii, piii, mlangoni pa msikiti, hotuba imeanza, na gari ni letu. Aliona haya. Akabonyeza kitufe cha power ile kelele ikome.

Ikakoma.

Ndani bado kulikuwa na baridi. Gari lilikuwa kimya kabla hajabonyeza, likawa kimya baada ya kubonyeza, na mimi nilikuwa nimemwambia siku nzima kwamba ukimya si kitu. Akafunga milango kwa ile swichi ya mlangoni, ili dada yake awe salama, akaja kuswali.

Kwa hiyo hooyo alikuwa ndani ya gari lililozimwa. Vioo havishuki, mlango wake haufunguki kwa ndani, na kuruka kwenda kiti cha mbele kwa nyonga ile haiwezekani. Vioo vina tint, mpita njia haoni kitu. Na mpita njia gani? Wanaume wote wako msikitini, maduka yamefungwa.

Mimi nilipata nafasi karibu na dirisha la upande ule wa gari. Abti aliingia mwisho, akakaa nyuma karibu na mlango.

Mnaojua, mnajua. Hotuba ya Ijumaa ikianza, mtu haongei. Hata kumwambia mwenzako "nyamaza" ni makosa. Unakaa, unasikiliza, basi.

Nikakaa. Lakini sikio langu moja lilikuwa nje, linangoja ile injini ijiwashe.

Kimya.

Nikasema labda betri ilikuwa imejaa. Imamu anaendelea, anazungumzia haki za wazazi, wallahi simzulii. Nangoja. Kimya.

Ndipo nikasikia ngo, ngo, ngo.

Sauti ndogo, ya kitu kugonga kitu. Nikajiambia ni watoto wanacheza na mitungi ya maji kwenye tangi. Ikakoma. Ikarudi. Ngo, ngo, ngo.

Nikageuka kumtafuta abti. Macho yetu yakakutana. Nikainua nyusi kumuuliza, uligusa gari? Yeye akadhani nataka kuongea. Akakunja uso, akanielekeza kwa kidevu kwa imamu. Sikiliza.

Nikageuka mbele. Mgongo unatiririka jasho na kumbe jua halijanigusa. Kuondoka ningeondoka, nani angenishika? Lakini ningewakanyaga watu, ningevuruga safu, wazee wangenitazama, na ikiwa ni watoto tu na mitungi yao? Aibu ndiyo iliyonikalisha pale, wakuu. Naisema kwa jina lake.

Hotuba ikaisha, swala ikakimiwa, tukasimama. Kwenye kunyanyuka nikasikia tena, mara moja, hafifu.

Imamu akasema Allahu akbar, kwenye kipaza sauti, na kule nje kukatulia kabisa.

Nikafurahi! Hilo ndilo linaniuma hadi leo. Nilifurahi kwamba kumetulia. Nikasema, haya, walikuwa watoto, wamekuja kuswali.

Sijui niliswali nini siku hiyo. Nilipotoa salamu upande wa pili nilikuwa nimeshasimama. Nikapita juu ya magoti ya watu, nikatoka bila viatu, mchanga unaunguza nyayo.

Kivuli cha mgunga kilikuwa kimehama. Gari zima liko juani.

Nikashika mlango, gari likaisikia key mfukoni, ukafunguka, na joto lililotoka humo lilinisukuma nyuma. Hooyo alikuwa ameegemea kioo, macho yamefungwa, mtandio umelowa wote. Tasbihi imeanguka chini. Chupa ya maji tupu.

"Hooyo!"

Hajibu.

"Hooyo!"

Nilimbeba sijui vipi, nyonga na yote, mpaka baraza ya upande wa wanawake. Watu wakajaa, kila mmoja anatoa amri. Mama mmoja anayeuza chai kando ya barabara akatupangua sote kama mbuzi. "Rudi nyuma, mbe nafasi abumue!" Akamlegeza mtandio, akamlowanisha kichwa na shingo, akampepea kwa kipande cha katoni.

Abti alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele wa gari, anatazama skrini nyeusi. Nilimwona akielewa. Akaketi palepale mchangani, mzee mzima na shali yake ya Ijumaa. "Mimi nilibiga ile kitufe," akasema. "Mimi nimeua dada yangu."

Nilitamani kumfokea, na sikuweza. Nilimwachaje mtu na gari ambalo sijamweleza kitu zaidi ya "iko ready"?

Hooyo akafungua macho. Akatutafuta, akanipata, akalowanisha midomo.

"Mmemaliza kuswali?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, hata sijui kipi kilianza.

Baadaye, alipokwisha kunywa maji na kutulia, nikamuuliza kama ni yeye aliyekuwa anagonga. Akasema ndiyo, kwa pete yake kwenye kioo. Nikamuuliza mbona aliacha.

"Nilisikia takbira kwenye kipaza sauti. Nikasema nisiwakatie swala."

Wakuu, someni hapo tena. Alikuwa anaishiwa pumzi, akaacha kugonga ili mimi niswali kwa utulivu.

Imamu alikuwa amesimama nyuma yangu, alisikia yote. Hakunikaripia. Akasema tu kwamba swala yenyewe hukatwa kwa ajili ya roho ya mtu, sembuse hotuba, na kwamba lile pigo la kwanza la pete kwenye kioo ndilo lililokuwa mwito wangu.

Tulifika Garissa, akatundikiwa maji, daktari akamwangalia nyonga, alhamdulillah yuko vizuri. Abti alirudi Griftu kwa lori la mbuzi. Anasema akikaa kwenye gari langu anajisikia kama shahidi wa kesi.

Mlio na hybrid, nawaomba. Mwelezeni kila anayepanda, hata mzee, kitufe kile ni cha nini na ready ni kitu gani. Child lock tazameni kila safari nani anakaa nyuma. Na msimwache mtu ndani mkitegemea AC, maana gari hili likizima halikuagi. Mimi sasa kama hooyo hawezi kushuka, mmoja wetu anabaki naye, Ijumaa au si Ijumaa.

Mwenye njia ya kufanya hiyo AC isizimike kwa kuguswa kitufe aniandikie hapa chini. Na wenye elimu ya dini waongezee alipoishia imamu, maana najua si mimi peke yangu niliyewahi kuona haya kutoka kwenye safu. Kunitukana pia ruhusa, nimeshajitukana vya kutosha, hamtanipita.

Hooyo yuko kwangu mpaka apate nafuu. Jana nilimpeleka kwa daktari tena, nikaegesha, nikazima, nikashika mlango nishuke.

Akagonga kioo kwa pete. Ngo, ngo, ngo. Kisha akanyamaza, akawa ananitazama kwenye kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, aone kama nitageuka.

Nikageuka.