Mgongo wa Baba Siku ya Krismasi

Kila Krismasi wahubiri huniambia nije kanisani nimtafute Mungu. Waache. Nilienda siku moja nikiwa na shida ya kweli, nikafungiwa mlango.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chai yangu niliyoipanda kwa mikono hii ndiyo kwanza imeanza kuchumwa. Asubuhi ya Krismasi mke wangu akashikwa na uchungu, mimba yetu ya kwanza. Mama yangu alishakufa. Wanawake wote wa kijiji walikuwa wameenda kanisani Nyaramba, hata mkunga, kwa sababu alikuwa kwenye kwaya. Nikakimbia.

Mlangoni alisimama mzee wa kanisa na koti lake jeusi.

"Wewe wa kuchuma chai Jumapili! Leo umekumbuka njia?"

"Mke wangu anajifungua. Niitie mkunga."

"Anaimba. Watoto wanaigiza Mariamu na hori, tutakatizaje? Mimba ya kwanza huchelewa. Keti, ujifunze adabu."

"Nijifunze adabu mke wangu akifa?"

Akafunga. Nilitema mate pale mlangoni nikarudi mbio, nikijua huenda nitakuta maiti.

Sasa, kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Mke wa mwanawe hamgusi hata mkono. Na baba yangu hakucheza na mila. Kule kanisani walimwita mpagani, mlevi.

Nilimkuta jikoni kwa mke wangu.

Amekaa kwenye kigoda katikati ya moshi na kuku, blanketi amejifunika kichwa kizima, amempa mke wangu kisogo. Mke wangu amechuchumaa nyuma yake juu ya majani ya mgomba, amemkamata mabega, anasukuma mpaka shati la mzee linapasuka.

"Nani huyo?" baba akauliza ndani ya blanketi.

"Ni mimi, Tata."

"Amelia mpaka nikashindwa kukaa kwangu. Wanawake wako wapi?"

"Wanaimba."

Akatoa tusi ambalo siandiki. "Basi nawa, ushike mtoto. Mimi sioni kitu."

Nikashika. Mtoto akalia. Nasema Mungu alikuwa pale, kwenye mavi ya kuku, na anayetaka kubisha abishe.

"Ni mtu gani?"

"Msichana, Tata. Mama yake mzima."

"Mpe uji. Halafu nitoe humu, nimeaibika vya kutosha."

Nikamshika mkono, blanketi bado kichwani. Akapiga teke chungu cha maji, akajigonga mlangoni. Mke wangu, ambaye hakuwahi kufungua mdomo mbele yake, akacheka. Mzee akasimama. Blanketi likatikisika, naye pia anacheka.

Jioni mkunga alikuja na yule mwenye koti. Mkunga akaingia. Yule mwingine akaanza, eti amesikia baba yangu amevunja mila, lazima wazee waketi. Nilimwambia waketi, ila waketi mbali na boma langu, na yeye atangulie.