Tufaha la Kitanda cha Dirishani

Hivi wewe, unapomnunulia mgonjwa tufaha, umewahi kujiuliza kama ana meno?

Hujajiuliza. Hakuna anayejiuliza. Tangu chekechea tunaoneshwa tunda tusilolipanda, limechorwa ukutani kubwa kuliko kichwa cha mwalimu. Tukikua tunalikuta kwenye tangazo la dawa ya meno, kisha kanisani, mkononi mwa mwanamke wa kwanza. Ndizi ni chakula, tufaha ni heshima. Basi tunaliweka juu ya kabati la mgonjwa, wageni walione, na linanyaukia pale pale.

Msugua aliyajua hayo kwa sababu yalimlisha. Jina hilo alipewa na wenzake wa langoni mwa hospitali, kwa jinsi alivyoyasugua matufaha kwa kipande cha fulana mpaka ujione uso. Kila asubuhi mhudumu wa wodi humletea mfuko mweusi wa matufaha ambayo hayakuguswa, ya waliopona na ya waliofariki. Msugua huyasugua upya, na jioni yanarudi wodini mikononi mwa wageni wengine. Upuuzi mtupu, lakini si yeye aliyeuanzisha.

Baba yake, mzee wa kanisa, hakutaka kuusikia. Sebuleni kwake alitundika picha ya bustani ya Edeni, na ndani yake tufaha jekundu kama kidonda. Siku mwanawe alipoanza biashara ile, mzee alitangaza mbele ya watu, "Mwanangu anauza dhambi kwa rejareja." Tangu hapo hakula kitu kilichopita mkononi mwa Msugua.

Sasa mzee alikuwa amelazwa hospitali hiyo hiyo, kitanda cha dirishani. Uji wa binti yake aliutema. Daktari akasema wazi kwamba asipokula, kesho atapitishiwa mpira puani. Jioni hiyo Msugua aliingia wodini na kijiko mfukoni.

"Shikamoo, baba."

Mzee akageukia ukuta. "Mwambie nyoka asishangilie. Bado napumua."

"Baba jamani, ni mwanao," dada mtu akasihi, ameketi kando ya kitanda.

"Namjua. Ndiyo maana nimemwita nyoka."

Juu ya kabati matufaha ya waumini yalipangwa kama vikombe vya ushindi. Msugua akachukua moja, akalikata katikati, akaanza kulikwangua kwa kijiko kama anayemlisha mtoto asiye na meno.

"Acha! Hayo nimeletewa na watu wanaomcha Mungu!" Mzee akageuka ghafla.

Hapo ndipo Msugua alipokosea. Angenyamaza tu. "Baba, hao wacha Mungu wako wote wamenunua kwangu. Yote haya yametoka kwenye beseni langu."

Mzee akanyoosha mkono uliokonda, akayafagia yote chini. Yakabingirika mpaka uvunguni mwa vitanda.

"Mzee, pole pole, sisi wengine tuna njaa!" mgonjwa mmoja akacheka.

Msugua akafura. "Kitabu chako kimeandika tunda! Tunda tu! Nioneshe palipoandikwa tufaha!"

"Hata lingekuwa papai," mzee akajibu, akiugeukia ukuta tena, "wewe ungeliuza."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Msugua akakibwaga kijiko kabatini, pamoja na ile nusu aliyoanza kuikwangua. "Kaa na heshima yako basi. Wakutie mpira puani mpaka utosini!"

Akatoka. Dada yake alimwita, hakugeuka.

Kesho yake asubuhi alikuwa langoni, anasugua kwa hasira hata maganda yanachubuka, mhudumu alipofika na mfuko wake mweusi. Akautua, kisha akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa ile nusu ya tufaha. Ndani hamkuwa na kitu. Ilikwanguliwa mpaka ganda likabaki jembamba kama karatasi, na kijiko kimelala humo.

"Mzee wa kitanda cha dirishani," mhudumu akasema, akijizuia kucheka, "anasema hili lilikuwa chachu kama mwenyewe. Ulete lingine. Na usilisugue kwa hilo tambara lako chafu."