Donge Moja kwa Mbawala

Tok. Tok. Tok. Enzi zetu, Jumamosi ilianza na sauti hiyo, mimi na dada yangu Masika tukiwa bado chini ya blanketi, tumefumba macho. Ilitoka sebuleni. Baba alikuwa akisimamisha risasi zake mezani, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayepanga watoto mstarini. Tulijua kwamba siku hiyo hakuna kugombana. Nyumbani kwetu siku ya bunduki hakuna aliyemfokea mwenziwe, hata kuku aliyeingia jikoni alifukuzwa kwa upole. Baba aliamini kwamba nyumba yenye ugomvi hupotosha risasi, na kwa kuwa mama naye alikulia katika imani hiyohiyo huko Butembo, amri hiyo ilitoka pande zote mbili na hatukuwa na pa kukimbilia.

Ninyi mliokulia miteremko ile ya juu ya Bwera mnajua ninachosema. Tulicheza kwepena, mchezo wa kukwepa kupigwa na mpira, kwa mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa nyuzi za mgomba, tukarudi na magoti mekundu kwa udongo. Tulikula bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yenyewe, iliyotwangwa mpaka mikono ikauma, ikatiwa chumvi ya Katwe ile ya mabonge, yenye kijivu chake na mchanga wake. Maganda matupu ya risasi za baba yalikuwa mali yetu. Ukilipuliza ganda mdomoni lilitoa mlio mkali kuliko filimbi ya mwalimu wa michezo. Masika aliyatumia kama vikombe vya chai ya wanasesere, na chai yote ilinuka baruti.

Baba alikuwa mlinzi wa mashamba. Mbawala walishuka kutoka msituni alfajiri, wakaingia katika maharagwe yanapoanza kutoa maua, na asubuhi ungekuta vijiti vimesimama bila jani. Ofisi ya wanyama ilimpa baba kibali cha kumpiga yule aliyezoea kurudi, naye alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, ile ambayo mama, kwa lugha ya kwao, aliiita kalibri. Mtutu wake ulikuwa laini ndani kama bomba la maji. Wengine wenye bunduki kama hiyo walitumia marisau, zile punje nyingi zinazotawanyika. Baba hakuzitaka. Alisema punje humpa mnyama majeraha na kumwacha akaende kufa mbali, peke yake. Yeye alitumia risasi yenye donge moja zito ndani ya ganda. "Mnyama asiondoke na maumivu yako," alituambia, na alilisema hilo kwa sauti aliyoitumia kusali.

Kisha mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, mbawala akaondoka na maumivu yake. Baba alifyatua, mnyama akaruka, akaingia kichakani. Baba alifuata damu tangu asubuhi hadi mbuzi wanarudishwa nyumbani. Hakumpata. Alirudi suruali imechanwa na miiba, akakaa kwenye kizingiti. Mama alimletea maji ya kunawa, naye akayaacha yakapoa.

"Hii risasi iko mbaya," alisema mwishowe.

Hapo ndipo ulipoanza msimu wa kuchagua. Baba alipanda gari hadi Kasese, kwenye duka lenye leseni, akarudi na aina tatu. Alituita mezani akatueleza, maana alipenda kueleza. Mtutu laini hauizungushi risasi, alisema, kwa hiyo risasi yenyewe lazima ijue njia. Moja ilikuwa tufe la mviringo tu. Nyingine ilikuwa na mistari iliyokatwa mshazari ubavuni. Ya tatu ilikuwa nzito mbele na nyuma ina mkia mwepesi, kama mpira wa vinyoya. Kila bunduki ina risasi inayoipenda, na hutaijua kwa kuuliza dukani. Ni lazima uijaribu.

Basi tukajaribu. Baba alichora duara kwa mkaa kwenye boksi la sabuni, akaliegemeza kwenye kichuguu kikubwa mwisho wa migomba, ili risasi izame kwenye udongo. Sisi tulikaa nyuma yake na vidole masikioni. Bunduki ililia, mlima ukajibu, mbwa wote wa jirani wakajibu, kisha baba akasema twendeni, nasi tukakimbia naye kwenda kutazama.

"Tufe limekula chini!" Masika alitangaza.

"Hii ya mistari imekula pembeni kabisa, baba. Duara halijui hata kama umefyatua," nikasema, tukacheka kidogo, kicheko kinachoruhusiwa siku ya bunduki.

Ile ya mkia haikuonekana popote kwenye boksi. Mama ndiye aliyeipata. Alikuwa amesimama kando ya mgomba wake wa ndizi za kuchoma, amechomeka kidole katika shina lake.

"Baba Masika, kartushi yako haipendi sabuni. Inapenda ndizi yangu."

Baba alicheka, lakini si sana. Alirudi Kasese. Akaja na risasi za nchi nyingine, akazipima mkononi, akazitikisa sikioni, akazizungusha mezani. Jumamosi iliyofuata zikapotea nazo. Akasema ni unyevu. Kisha akasema ni duka. Kisha akasema bunduki imezeeka, mtutu umechoka. Majirani walikuwa wameanza kuuliza kama mlinzi bado yuko, na mbawala walikuwa wamefika safu ya nne ya maharagwe. Nilimwona baba akipungua. Kama kibali kingerudishwa ofisini, angebaki nani? Jina lake hasa wengi hawakulijua. Alikuwa Mlinzi tu, kuanzia kwetu hadi sokoni Mpondwe.

Jumamosi ya mwisho alipokwisha kukosa tena, mama alijifuta mikono kwenye kitenge, akasogea.

"Leta, nijaribu kamoja."

"Itakuangusha."

"Wacha iniangushe. Papa yangu alinifundisha hii kitu mbele wewe unioe."

Baba akatutazama sisi kana kwamba tutamwambia la kufanya. Siku ya bunduki hapagombanwi. Akampa. Mama aliburuta gunia la maharagwe makavu, akalala kifudifudi nyuma yake kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, akalaza mtutu juu ya gunia. Alichukua risasi ya mistari, ileile iliyotupwa wiki ya kwanza. Akafyatua. Akachukua nyingine, akafyatua tena.

Tulikimbia, na tulipofika hatukutangaza kitu. Matundu mawili yalikuwa ndani ya duara, yamekaribiana kama macho ya mtu. Masika alinibana mkono. Tulikuwa wadogo, lakini tulielewa kwamba hili si jambo la kupigia kelele.

Mama alifika nyuma yetu akasema haraka haraka, "Ni gunia. Hii bunduki iko inapenda gunia, basi."

Baba alilichukua boksi, akalileta karibu na uso, karibu zaidi, kisha akaacha kutazama, akapapasa kwa kidole gumba mpaka tundu la kwanza likamkubali, na la pili.

"Mama Masika, kutoka kule, wewe ulikuwa unaona duara?"

Mama alijifuta udongo kwenye viwiko.

"Nilikuwa naiona."

"Mimi niliona boksi tu. Tangu yule mbawala, naona boksi tu. Wewe ulijua?"

"Nilijua siku uliweka chumvi kwa chai."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema siku gani? Kila siku hapa ilikuwa siku ya bunduki."

Baba alikaa chini pale pale kwenye majani ya mgomba, akaanza kucheka, na cheko lile lilibadilika katikati likawa kitu kingine, mama akakaa kando yake na kutuambia twende tukachote maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Afande wa ofisi ya wanyama alipopanda kuja kubadilisha jina kwenye kibali, alidhani ni mzaha. Mama alimwomba asimame kando aangalie boksi. Aliandika jina la mama bila kuuliza tena.

Leo ninaishi Kasese mjini, na mtoto wa Masika, anayeniita mama mdogo, huja kwangu likizo. Kabla ya kunywa uji ameshaua watu thelathini kwenye simu, analalamika kidole gumba kinamuuma. Risasi zake hazikosi, na zikikosa anaanza upya. Simlaumu, mchezo wenyewe umetengenezwa hivyo. Ninapomtazama huwa namwonea huruma kwa jambo moja tu, kwamba hajawahi kumwona mtu mzima akichukua kitu kidogo mkononi, akakipima, akafikiria maumivu yatakayofika upande wa pili. Sisi tulikua tukiona hivyo kila Jumamosi. Tulidhani ni kawaida ya akina baba wote.

Nakumbuka asubuhi ya kwanza mama alipokwenda kulinda. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Baba alikuwa mezani na risasi zake, hazitazami, anazisoma kwa vidole, anazipitia mistari ubavuni. Nyingi alizirudisha kwenye mkebe. Moja akaiweka kwenye kiganja cha mama, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

"Hii. Hii itaenda moja kwa moja."

"Na ikikosa?"

"Ikikosa, urudi uniambie risasi iko mbaya. Mimi nitakuamini."

Mama akacheka, cheko la chini la kutotuamsha sisi tuliokuwa macho. Akatundika bunduki begani, akaingia ukunguni. Baba alisimama kizingitini, akigeuza kichwa kidogo kidogo kufuata kwa sikio nyayo zake kwenye majani mabichi, na zilipoisha akaufunga mlango.