Wifi Aliyekula Udongo Mbele ya Simu

Wifi yangu alianza na udongo wa kula, ule wa vipande vya kijivu unaouzwa sokoni Tunduma. Mtandaoni kulikuwa na mtindo wa kutafuna vitu visivyo chakula, mlio usikike vizuri, naye akaufuata. Aliketi uani kwetu, mtaa wa Mpemba, akaegemeza simu kwenye ndoo, akatafuna. Watu wakamshangilia. Walipomwomba chaki, alikula chaki. Walipomwomba tofali la kuchoma, aligonga tofali kwa nyundo akala vipande. Kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, alicheka. Kaka yangu hucheka jambo lolote lisilomlazimu kuinuka kitini.

Kwetu mke wa mtu akionekana anakula udongo, hakuna anayeuliza. Ana mimba. Basi video ilipofika Ihanda anakoishi mama yetu, kwenye simu ya mwanakwaya mmoja, mama aliiona akapiga magoti palepale kanisani. Siku iliyofuata alishuka kwetu na unga wa ulezi na kanga mpya. Alikuwa ameisubiri mimba hiyo tangu harusi, na miaka yote hakuwahi kumwita mkwe wake "mwanangu". Siku hiyo alimwita. Wifi alinitazama, akafungua mdomo aseme kitu, halafu akanywa uji. Nikadhani ni haya tu.

Tumbo nalo likavimba kweli. Kila asubuhi mama, ambaye alibaki kwetu, alilipapasa akiliombea, wifi akiuma meno kwa maumivu. Alipoanza kutapika mfululizo tulimkimbiza hospitali. Daktari alitoka akatuambia hakuna mtoto, utumbo umeziba kwa udongo. Mama alimwomba aangalie tena.

Walimpasua, akapona. Siku aliporudi nyumbani alikuta begi lake mlangoni. Mama alikuwa amelifunga mwenyewe, na kanga ile hakuiweka ndani.

"Mama, nisamehe," wifi alisema, mkono ukiwa kwenye mshono. "Hapa nilikuwa natazamwa tumbo tu. Kwenye simu walau walinitazama usoni."

"Basi nenda kwa hao, wakuoe," mama akajibu.

Nilimchukia mama yangu saa ile, na bado sijamaliza. Kaka alilibeba begi, akalifunga nyuma ya bodaboda ya kumpeleka stendi, akamwambia dereva asiende mbio, maana mgonjwa ana mshono.